Eisenstein na amana ya historia

Sinema ilipozuka duniani mwishoni mwa karne ya 19, wengi waliichukulia kuwa ni mchezo wa kupitishia jioni. Haikupita miaka 30 kijana mmoja wa Urusi akadhihirisha kwamba pazia jeupe na taa ya mashine vinaweza kufanya kwa pamoja kazi ya mwandishi wa tarikh, ya mshairi na ya mhubiri. Kijana huyo ni Sergei Mikhailovich Eisenstein. Alifariki dunia mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 50. Filamu kubwa alizozikamilisha ni 7 tu, na 6 kati ya hizo zinasimulia mambo yaliyopita: mgomo wa wafanyakazi, uasi wa mabaharia, mapinduzi, vita vya kale na maisha ya mfalme.

Tunayaleta maisha yake katika safu hii kwa sababu yanahusu swali ambalo kila nchi iliyopitia mapinduzi hulazimika kulijibu. Je, nani amekabidhiwa kuisimulia historia ya wananchi? Na yule aliyepewa mamlaka juu ya usimulizi huo afanye nini siku atakayoletewa kazi isiyompendeza? Eisenstein aliyatumikia mapinduzi kwa moyo wake wote, na ni watendaji wa mapinduzi hayo hayo waliozizuia kazi zake. Ndani ya kadhia hiyo imo ibra kwa wananchi, na imo khasa kwa viongozi.

Eisenstein alizaliwa tarehe 22 Januari, 1898, katika mji wa bandari wa Riga, ambao leo ni mji mkuu wa Latvia na siku hizo ulikuwa chini ya dola ya wafalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mhandisi mwenye cheo katika utumishi wa serikali, na nyumba alizozichora, zilizojaa nakshi za vichwa vya watu na wanyama, zingali zinawavuta wageni mjini humo. Mama yake alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa St Petersburg. Wazazi hao walitengana mtoto akiwa bado mdogo, naye akakulia kwa baba huku mama yuko mji mwingine. Baba alitaka mwanawe arithi kazi yake, na kijana akatii: mwaka 1915 akaingia chuo cha uhandisi huko Petrograd.

Mwaka 1917 ulivunja kila kilichopangwa. Utawala wa kifalme ulianguka, na kabla mwaka haujamalizika Wabolsheviki wakashika serikali. Mwaka uliofuata Sergei alijiunga na Jeshi Jekundu, ilhali baba yake aliufuata upande wa pili na kwenda kufia ugenini, Ujerumani. Jeshini kijana huyo alijenga ngome, kisha akapewa kazi ya kuchora picha za kuwahamasisha askari na wanavijiji. Hapo ndipo alipogundua kwamba kalamu ya kuchorea nyumba inaweza pia kuchora fikra.

Vita vilipokaribia kwisha, mwaka 1920, alikwenda Moscow, akaanza kusoma Kijapani. Hakudumu katika masomo hayo, lakini aliokota humo jambo moja lililomfaa maisha yake yote. Katika maandishi ya Mashariki ya Mbali, alama ya jicho ikiwekwa pamoja na alama ya maji, maana inayopatikana ni kulia. Si jicho tena wala si maji, bali ni jambo la tatu. Eisenstein aliihamishia kanuni hiyo katika sinema. Picha mbili zikifuatana, alifundisha, mtazamaji huzaa mwenyewe maana ya tatu moyoni mwake.

Kabla ya sinema alipitia mchezo wa jukwaani, akiwa mwanafunzi wa mwalimu mashuhuri Vsevolod Meyerhold. Filamu yake ya kwanza kubwa, "Mgomo", ilionyeshwa mwaka 1925. Inasimulia wafanyakazi wa kiwanda wa zama za ufalme wanaogoma na kuangamizwa na askari. Mwishoni, picha za watu wanaouawa zinapokezana na picha za ng'ombe anayechinjwa machinjioni. Hakuna maneno yaliyohitajika. Kila aliyetazama alielewa jinsi watawala walivyozithamini roho za wafanyakazi.

Mwaka huo huo serikali ilimkabidhi kazi ya kuadhimisha miaka 20 ya machafuko ya 1905. Mpango wa awali ulikuwa kuusimulia mwaka mzima, lakini muda haukutosha. Akachagua tukio moja tu: mabaharia wa manowari Potemkin, katika Bahari Nyeusi, walioasi baada ya kutakiwa kula nyama yenye funza. Potemkin yenyewe haikuwapo tena, kwa hiyo alitumia meli nyingine kuukuu iliyokuwa ghala la mabomu ya baharini. Mpiga picha wake alikuwa Eduard Tisse, aliyefuatana naye karibu katika kila kazi. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow, katika ukumbi wa Bolshoi, tarehe 21 Desemba, 1925. Kwa kuwa picha za siku hizo hazikuwa na rangi, bendera inayopandishwa melini ilipakwa wekundu kwa mkono, picha moja moja, na watazamaji wakaiona ikipepea nyekundu katika ulimwengu wa kijivu.

Sehemu iliyopata umaarufu kuliko zote ni ile ya ngazi za Odessa. Askari wanateremka kwa safu, bunduki mbele, na raia wanakimbia chini yao. Mama anauawa, na kigari cha mtoto wake mchanga kinaporomoka ngazi baada ya ngazi. Filamu hiyo ilizunguka dunia. Uingereza, iliyokuwa ikitawala makoloni mengi, iliizuia isionyeshwe hadharani hadi mwaka 1954, kwa maana watawala wa huko walitambua mara moja kwamba habari ya mabaharia wa Urusi ingeweza kueleweka vyema na watu wengine pia.

Hapa inatupasa kusema haki. Damu ilimwagika kweli Odessa mwaka 1905, na raia wengi waliuawa. Lakini mauaji yale juu ya zile ngazi, kwa mpangilio ule, ni ya Eisenstein. Aliikusanya dhulma iliyotapakaa mjini, akaiweka mahali pamoja ili ionekane. Leo msafiri anayefika Odessa huzitazama ngazi hizo akiamini kwamba anakanyaga mahali pa tukio.

Hali kadhalika filamu ya "Oktoba", iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 10 ya mapinduzi ya 1917. Katika filamu hiyo maelfu ya watu wanalivamia Jumba la Majira ya Baridi, ilhali siku yenyewe jumba hilo lilitekwa bila ya mapigano makubwa. Baadaye picha za filamu hiyo zilichapishwa vitabuni kana kwamba zilipigwa siku ya mapinduzi. Na kazi ikiwa inakaribia kumalizika, Trotsky, aliyekuwa mmoja wa vinara wa mapinduzi, alifukuzwa chamani. Ikaamriwa sehemu zinazomwonyesha ziondolewe. Eisenstein akaziondoa, na filamu ikatoka kwa umma mwaka 1928 ikiwa imepungua.

Tusiipite habari hiyo haraka. Msanii huyu hakuwa malaika aliyezungukwa na mashetani. Alikuwa mtumishi, na mara nyingine alikata alichoamriwa kukata. Aliyajua madaraka yaliyomo mkononi mwake, kwamba anachokionyesha kitakumbukwa na anachokiacha kitasahauliwa.

Mwaka 1929 alitoka nje ya nchi pamoja na wenzake wawili kwenda kujifunza sinema yenye sauti. Alipita Ulaya, akafika Hollywood mwaka 1930, na huko akakutana na mamlaka ya aina nyingine. Kampuni iliyomwajiri iliikataa miswada yake, kisha ikaachana naye. Akaenda Meksiko kwa fedha alizosaidiwa kupata na mwandishi Upton Sinclair, akapiga picha nyingi mno za maisha na tarikh ya watu wa huko. Fedha zilipokwisha na subira ya wafadhili ilipokwisha, kazi ilisimamishwa mwanzoni mwa 1932. Picha zilibaki Marekani na watu wengine wakazikatakata kutengeneza filamu zao. Eisenstein hakuziunganisha kamwe. Basi asidhani mtu kuwa ni serikali peke yake inayoweza kumnyang'anya msanii kazi yake. Mwenye mfuko naye ana mkasi.

Aliporudi nyumbani alikuta mambo yamebadilika. Filamu zake za zamani zilisemwa kuwa ni ngumu kwa wananchi, na miradi yake ikakataliwa mmoja baada ya mwingine. Akageukia ualimu katika Chuo cha Serikali cha Sinema mjini Moscow. Miongoni mwa ndoto zake za siku hizo ilikuwa filamu juu ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti, na aliyemtaka aigize ni Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi ambaye alipata kusoma Kiswahili mjini London. Robeson aliitikia wito, akafika Moscow mwezi wa Desemba, 1934. Wawili hao walipendana sana, lakini filamu hiyo haikufanyika.

Mwaka 1935 hatimaye alipewa kazi: "Mbuga ya Bezhin", hadithi ya mtoto wa kijijini anayeuawa na baba yake kwa sababu ameiunga mkono serikali mpya. Aliifanya kwa miaka 2. Mwezi wa Machi, 1937, mkuu wa sinema wa nchi nzima, Boris Shumyatsky, aliamuru isimamishwe. Ilidaiwa kwamba mwongozaji amezama katika madoido ya sanaa na kwamba wanakijiji wake wanafanana na watu wa vitabu vya dini. Eisenstein alilazimika kuandika na kuchapisha maelezo ya kujikosoa mbele ya umma. Katika miaka ile, adhabu ya msanii haikuishia kwenye kujikosoa. Mwandishi Isaac Babel, aliyeshirikiana naye katika filamu hiyo, alipigwa risasi mwaka 1940. Hata Shumyatsky mwenyewe, aliyeuzungusha mkasi, aliuawa mwaka 1938. Mkasi wa namna hiyo haumjui bwana wake.

Filamu yenyewe ilipotea. Inasimuliwa kwamba mikebe yake iliteketea kwa mabomu wakati wa vita. Kilichosalia ni vipande vidogo vya utepe, picha moja au mbili za kila tukio, zilizohifadhiwa na mke wa Eisenstein, Pera Atasheva. Katika miaka ya 1960 mwongozaji Sergei Yutkevich na mtaalamu Naum Kleiman walivipanga vipande hivyo, na leo tunaweza kutazama karibu nusu saa ya picha zisizotembea, kama mtu anayefunua albamu ya jamaa aliyefariki.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka uliofuata Eisenstein alipewa nafasi nyingine, naye akatengeneza "Alexander Nevsky", habari ya mwanamfalme aliyewashinda wapiganaji wa msalaba wa Kijerumani juu ya ziwa lililoganda, mwaka 1242. Muziki uliandikwa na Sergei Prokofiev. Vita hivyo vya barafuni vilipigwa picha wakati wa kiangazi, juu ya uwanja uliofanywa mweupe kwa chaki na chumvi, waigizaji wakitokwa na jasho ndani ya manyoya. Filamu ilitoka mwishoni mwa 1938, ikashangiliwa, na mwongozaji akapewa Nishani ya Lenin. Lakini mwezi wa Agosti, 1939, serikali ilipotia saini mkataba na Ujerumani ya Hitler, filamu iliyowaonyesha Wajerumani kuwa maadui iliondolewa kimya kimya. Mwezi wa Juni, 1941, Hitler alipoivamia nchi hiyo, ikarudishwa kwa haraka ili kuwatia watu ushujaa. Filamu haikubadilika hata picha moja. Iliyobadilika ni haja ya afisi.

Katikati ya vita hivyo ndipo alipoianza kazi yake ya mwisho, "Ivan wa Kutisha", juu ya mfalme wa karne ya 16 aliyeiunganisha Urusi kwa mkono wa chuma. Stalin alimhusudu mfalme huyo na alitaka filamu hiyo ifanywe. Studio zilikuwa zimehamishiwa Alma-Ata, nchini Kazakhstan, mbali na mapigano. Kazi ilifanyika usiku, kwa kuwa mchana umeme wote ulitakiwa na viwanda vya silaha. Sehemu ya kwanza, inayomwonyesha Ivan kijana akipambana na makabaila wasaliti, ilitoka mwaka 1945, ikapata Tuzo ya Stalin ya daraja la kwanza.

Mwezi wa Februari, 1946, katika karamu ya kusherehekea tuzo hiyo, Eisenstein alianguka kwa maradhi ya moyo. Alikuwa amekwisha kuiunganisha sehemu ya pili. Ndani yake Ivan ni mtu mwingine: mpweke, mwenye shaka, aliyezungukwa na walinzi wanaoua kwa amri, akichungulia kila pembe kuona nani atamsaliti. Wakubwa waliitazama wakakunja nyuso. Mwezi wa Septemba mwaka huo Kamati Kuu ya Chama ilipitisha azimio la kuilaani. Usiku wa tarehe 25 Februari, 1947, Eisenstein na mwigizaji wake mkuu, Nikolai Cherkasov, waliitwa Kremlin mbele ya Stalin, Molotov na Zhdanov. Walielezwa kwamba Ivan ameonyeshwa dhaifu na mwenye kusitasita, kwamba walinzi wake wamefanywa kama genge la wauaji, na kwamba ukatili wa mfalme unaweza kuonyeshwa iwapo itaelezwa pia kwa nini ulikuwa wa lazima. Hata urefu wa ndevu za Ivan ulijadiliwa. Waliruhusiwa kuirekebisha filamu.

Eisenstein hakuigusa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Februari, 1948, moyo wake ulisimama. Sehemu ya tatu haikumalizika, na karibu yote yaliyokwisha kupigwa picha yaliharibiwa. Sehemu ya pili ilikaa ghalani miaka 12 baada ya kulaaniwa. Ilitolewa mwaka 1958, Stalin akiwa amekufa miaka 5 nyuma, na waliokwenda kuitazama waliona mara moja ni mfalme gani aliyekuwa akizungumziwa.

Pana jambo moja zaidi la kumkumbukia. Mwalimu wake, Meyerhold, alikamatwa mwaka 1939 na kupigwa risasi mwanzoni mwa 1940. Jina lake likawa haramu kutajwa. Nyaraka zake zote za maisha ya jukwaani zilikuwa hatarini, na aliyezipokea na kuzificha katika nyumba yake ya nje ya mji ni Eisenstein. Mtu yule aliyekubali kukata alichoamriwa, aliyejikosoa mbele ya umma, alihatarisha shingo yake kwa ajili ya makaratasi ya mwalimu wake. Leo wanaoichunguza sanaa ya Meyerhold wanazisoma nyaraka hizo.

Mbegu yake ilifika hata barani kwetu. Katika chuo alichofundisha ndimo aliposomea Souleymane Cissé wa Mali, na Ousmane Sembène wa Senegal alijifunzia sinema katika mji huo huo wa Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sembène naye aliisimulia tarikh ya watu wake, naye pia alionja mkasi: filamu yake "Ceddo" ya mwaka 1977 ilizuiwa nchini mwake kwa miaka kadhaa, na sababu iliyotolewa rasmi ni tahajia ya jina lake.

Sasa tulirudie swali letu. Hatusemi kwamba serikali haina neno katika jambo hili. Serikali inayotoa fedha za wananchi ina haki ya kuuliza zimefanya nini, na nchi changa ina haki ya kuchelea maneno yanayowagombanisha watu wake. Tena tumeona kwamba msanii mwenyewe huipinda historia, na ngazi za Odessa zinashuhudia. Basi na aulizwe, na ajibiwe kwa hoja, na wanaoikumbuka habari kwa njia nyingine wasikilizwe.

Lakini baina ya kuzuia na kuangamiza pana bahari. Tazameni filamu mbili za mtu mmoja. "Ivan" sehemu ya pili ilizuiwa, ikalaaniwa, ikafungiwa, lakini mkebe ulibaki. Wakati ulipowadia ilitoka, ikawafaa wajukuu wa wale walioizuia. "Mbuga ya Bezhin" haikubakishwa, na hapana serikali wala tajiri awezaye kuirudisha. Aliyeifungia ya kwanza alikosea hukumu, na kosa lake lilirekebishika. Ya pili haina marekebisho, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo tunasema kwa kiongozi yeyote ambaye juu ya meza yake pana filamu, kanda au jalada lisilompendeza: una mamlaka ya leo, huna mamlaka ya kesho. Likiwa lazima kufungwa, lifunge, andika jina lako na tarehe, weka mahali pakavu. Usichome, usifute, usiliache livujiwe na mvua. Visiwani khasa, ambako joto, unyevu na chumvi ya bahari hula kila kitu, kuachia tu ni njia ya kuangamiza bila ya kutoa amri. Utepe wa filamu ulioachwa huanza kunuka siki, kisha hukunjamana, kisha huwa si kitu. Na afisi iliyonyamaza haijaepukana na dhima.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Aliyeviokoa vipande vya "Bezhin" hakuwa waziri wala jemadari, bali ni mke aliyekataa kuvitupa vijipande vya utepe visivyozidi ukucha. Katika makabati yetu mna picha, barua na kanda za sauti za wazee waliokwisha tangulia. Tusingoje azimio ndipo tuzitazame. Kila kizazi hupokea historia mkononi mwa kilichotangulia, na hudaiwa kuifikisha ikiwa nzima. Amana haiulizi kama inampendeza aliyeishika.